Mada Hii Ni Yangu

Kipindi changu kiko Ijumaa saa nane mchana. Yeyote aliyewahi kufundisha hahitaji maelezo zaidi. Wanafunzi wametoka kula makande, bati linawaka moto, mawazo yao yameshatangulia nyumbani, na mimi nasimama mbele na chaki kuwaeleza habari za manabii. Miaka kumi na saba nimefundisha dini katika sekondari hii ya kanisa hapa Kisesa, na kwa miaka yote hiyo ratiba imenitupa pale pale. Siku moja nilihesabu wanafunzi kumi na mmoja waliolala kwa pamoja. Mmoja wao alikuwa anakoroma kwa adabu kabisa, kichwa ameinamisha kama anayesali.

Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema ili ieleweke nilikuwa na njaa ya namna gani siku Injinia Luhende aliponiita ofisini kwa Mkuu wa Shule.

Injinia Luhende ni mwenyekiti wa bodi yetu na mzee wa kanisa. Kabla hajastaafu alitengeneza mitambo ya barafu kwenye viwanda vya samaki kule Nyakato kwa miaka mingi, na mpaka leo mikono yake ina makovu ya kazi hiyo. Ana sauti nzito, na akisema jambo, watu huwa wanaitikia kwanza, kufikiri ni baadaye. Alikuwa ameweka mezani kijitabu alichokiandika mwenyewe, kurasa arobaini, karatasi nzuri ya kung'aa. Kilihusu ubunifu wenye akili, yaani hoja kwamba viumbe vilipangwa na mwenye akili, havikutokea vyenyewe.

"Mwalimu Nestory," alianza, "mimi nimefunga kompresa zaidi ya mia. Sijaona hata moja iliyojifunga yenyewe. Sasa mchukue kamongo. Ana matamvua ya kupumulia majini, halafu ana mapafu ya kupumulia hewa ya nje. Maji yakikauka anajifukia kwenye tope, anasubiri mvua. Samaki huyo ana jenereta ya akiba. Nani kamfungia?"

"Mungu," nikasema.

Akatikisa kidole. "Hapo ndipo tunapoharibu. Sema Mbunifu. Kijitabu chote hiki hakina neno Mungu hata mara moja. Ni sayansi tupu."

Mkuu wa Shule, Mwalimu Jonathan, ambaye ni mtu mwema lakini anaogopa bodi kuliko anavyoogopa radi, akanieleza yaliyobaki. Bodi inataka kijitabu kifundishwe Kidato cha Nne kwenye kipindi cha baiolojia, sambamba na mada ya mageuko ya viumbe, kabla ya mtihani wa majaribio. Madam Modesta, mwalimu wa baiolojia, amekataa. Anasema hiyo si sayansi. Mkataba wake unaisha Juni, na akiendelea kukataa hautaongezwa. Kuna kikwazo kimoja tu: wathibiti ubora wa shule kutoka serikalini wakija wanaweza kuuliza kwa nini dini inafundishwa kwenye baiolojia. Kwa hiyo inatakiwa barua, isomwe mbele ya wazazi kwenye mkutano wa Jumamosi ya wiki inayofuata.

"Barua ya nani?" niliuliza.

"Ya mtaalamu wa dini," akajibu Mwalimu Jonathan, "inayothibitisha kwamba hii si dini."

"Na mtaalamu wa dini ndiye mimi?"

"Ni wewe."

Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuniita mtaalamu. Niliketi vizuri zaidi kwenye kiti. Halafu Injinia akasema, kama vile limemjia wakati huo huo, kwamba bodi ilikuwa inafikiria kuitazama upya ratiba, kwamba somo la dini lingependeza sana Jumanne saa mbili asubuhi. Sikuomba. Lakini pia sikukataa. Barua niliiandika jioni ile ile, nikaisaini na kuipiga muhuri wa idara, idara ambayo mwalimu wake ni mimi peke yangu.

Nilikuwa na furaha, na sababu yake naisema wazi. Jumanne asubuhi ilikuwa sehemu tu. Sehemu kubwa ilikuwa ile maabara. Madam Modesta ana umri wa miaka thelathini na moja, ana hadubini nne na bati jipya, na kengele ya kipindi chake ikilia wanafunzi wanakimbia kwenda, si kutoka. Nilikuwa nimechoka kuwatazama wakikimbia. Sasa sayansi ingekuja kunipigia hodi.

Nyumbani Nyakato, mke wangu Rebeka alikuwa anamenya viazi vitamu. "Baba Odeta, leo umeokota nini? Unacheka peke yako tangu getini."

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kwa hiyo umeandika barua ya kusema kwamba kazi ya Mungu haimhusu Mungu," akasema.

"Haisemi hivyo."

"Inasemaje?"

Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akanitazama mara moja, akarudi kwenye viazi vyake.

Kesho yake nilikwenda maabara kumshawishi Madam Modesta. Sikutaka afukuzwe, naomba hilo lieleweke. Nilitaka ashindwe, abaki. Nilimkuta anaosha mirija ya vioo, na wakati namsubiri nikasoma karatasi zilizobandikwa ukutani. Kila mwanafunzi wa Kidato cha Nne alikuwa na yake, na zote zilikuwa na mistari miwili juu. Wa kwanza: "Kisio langu ni hili." Wa pili: "Nitakubali nimekosea nikiona…" Chini yake mwanafunzi alieleza alichofanya na alichokiona.

Nikasimama mbele ya karatasi ya Kija. Kija ni binti wa Kamanga, ng'ambo ya maji, anakaa bweni, na kwenye kipindi changu huwa ni miongoni mwa wanaosali kwa kukoroma. Alikuwa amechunguza furu, wale samaki wadogo ambao watu wengi hapa wanawaona kama chambo tu. Furu dume ana rangi za kupendeza na jike humchagua kwa rangi hizo. Kija alikisia kwamba kwenye maji machafu, ambako jike haoni vizuri, madume yatakuwa yamefifia. Alifunga sahani nyeupe kwa kamba, akaizamisha sehemu mbili tofauti za ufukwe, akapima ni kina gani inapotea machoni, ili ajue maji yapi ni machafu kuliko mengine. Akavua furu wa sehemu zote mbili kwa wiki sita. Aliandika kwamba atakubali amekosea akiona madume ya maji machafu yanang'aa sawasawa na yale mengine.

Yalikuwa yanang'aa sawasawa. Chini kabisa, kwa wino mwekundu na herufi kubwa, alikuwa ameandika: NIMEKOSEA. Na kando yake palikuwa na alama za mwalimu, kumi na tisa kati ya ishirini.

"Madam," nikamwita, "huyu amekosea, umempa kumi na tisa?"

"Ndiyo."

"Na hiyo moja umemnyima kwa nini?"

"Hakuweka tarehe."

Nikacheka, ingawa nilikuja kugombana. Akafuta mikono, akaja kusimama karibu nami. "Mwalimu Nestory, shikamoo. Najua kilichokuleta. Jumapili mimi naimba sauti ya pili, unaniona kila wiki. Simkatai Mungu. Na sisemi kijitabu cha Injinia ni cha uongo. Nasema hakiwezi kubandikwa kwenye ukuta huu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya mstari wa pili." Akatoa fomu tupu kwenye droo. "Mpelekee aujaze. Aandike akionyeshwa nini atasema kwamba hakuna Mbunifu. Akiujaza kwa ukweli kutoka moyoni, kesho asubuhi nafundisha kijitabu chake na kurasa zake zote."

Nikaona nimempata. "Na mageuko yenu, nayo yana mstari wa pili?"

"Yanao siku nyingi. Mtu akichimba mwamba wa zamani, wa kabla hata samaki wa kwanza hajakuwepo, akatoa humo fuvu la ng'ombe, mimi nachana madaftari yangu. Watu wanachimba kila mwaka. Wakilipata, nitalia, lakini nitachana."

Nikaichukua ile fomu. Sikumpelekea Injinia. Nilifikiri, mimi ndiye mtaalamu, nitaijaza mwenyewe, kisha Jumamosi nitaitoa mfukoni pamoja na barua, Madam atakosa pa kusimama.

Jumapili baada ya ibada tulipanda kivuko mimi na Rebeka kwenda Kamanga. Kwao Rebeka ni mbele ya pale, Sengerema, na tunakwenda huko mara kwa mara kwa sababu nitakayoisema sasa hivi. Jua lilikuwa kali, kivuko kimejaa pikipiki na magunia. Nikakaa kwenye benchi, nikaweka fomu juu ya paja, nikaandika mstari wa kwanza kwa mwandiko wangu bora: Kisio langu ni hili, kuna Mbunifu aliyewaumba viumbe kwa akili na kwa makusudi. Nikahamia mstari wa pili. Nitakubali nimekosea nikiona.

Nikiona nini? Nikiona kiungo cha mwili kisicho na kazi? Hapana, ningesema Yeye anajua kazi yake. Nikiona Kija amelieleza pafu la kamongo, hatua kwa hatua, tangu samaki asiye na pafu? Hapana, ningesema basi hiyo ndiyo njia aliyoitumia. Nikiona mtoto asiye na kosa… Hapo kalamu ikagoma.

Binti yetu alikuwa anaitwa Odeta. Alikuwa na miaka tisa. Homa ilimshika Jumatatu, na Alhamisi alfajiri hakuwepo tena. Ni miaka sita sasa, na kaburi lake liko Sengerema kwa bibi yake, ndiyo maana tunapanda kivuko. Siku zile tatu niliomba kama sijawahi kuomba, na niliomba kitu kimoja tu, kinachoeleweka, kisicho na utata. Kama imani yangu ingekuwa kisio, ile Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuchukua wino mwekundu na kuandika NIMEKOSEA. Ushahidi gani mwingine nilikuwa nausubiri?

Sikuandika. Sijisifu kwa hilo. Nilitoka uani nikampigia Mungu kelele mpaka mlinzi wa hospitali akaja kunishika mkono. Lakini nilimpigia Yeye, na mtu hampigii kelele asiyekuwepo. Wala hakuna jaribio lililonifundisha kumshika, na pale kwenye kivuko, katikati ya maji, nikaelewa kwamba hakuna jaribio litakalonifanya nimwachie.

Rebeka alikuwa amesoma fomu pembeni ya bega langu muda wote. "Hujamaliza," akasema.

"Haimaliziki, Mama Odeta."

Akatazama Kamanga inavyokaribia. "Basi hiyo fomu haikutengenezwa kwa ajili ya Mungu," akasema, akaichukua, akaikunja vizuri mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, juu ya ile barua.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wazazi walikuja kutoka Magu, Sengerema na mjini. Bodi ilikaa mezani mbele, walimu benchi la pembeni, wanafunzi wa Kidato cha Nne nyuma. Madam Modesta alikaa mwisho wa benchi, mikono mapajani, amevaa gauni lake la kwaya, na kila mtu alijua yuko pale kuhukumiwa. Mbele ya meza Injinia Luhende aliweka karai la bluu lenye maji, na ndani yake kamongo mzima, mrefu kama mkono wangu, aliyemnunua asubuhi mwaloni, kwenye soko la samaki.

"Ndugu zangu," akasema, "nitazungumza dakika arobaini. Hili ni somo la sayansi, si mahubiri. Naomba sana, katika dakika hizi, pasiwe na Amina."

Watu wakacheka, wakakubali. Na nitasema haki yake: alizungumza vizuri mno. Alieleza jicho, alieleza bawa, alieleza ganda la yai. Alipofika kwa kamongo alimwinua kwa mikono miwili kutoka kwenye maji ili watu wamwone akivuta hewa, na kamongo, kama aliyeambiwa, akafungua mdomo. Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Mama mmoja wa mstari wa mbele alianza "A…" akajiziba mdomo kwa khanga. Mara zote Injinia alisema Mbunifu. Mbunifu alipanga, Mbunifu alipima, Mbunifu aliona mbali. Hakuteleza hata mara moja. Nilimtazama Madam Modesta, na kwa mara ya kwanza nikaona hofu usoni mwake.

Injinia akamaliza. Akamrudisha kamongo kwenye karai, akavua miwani, akajifuta jasho kwa leso. Amekuwa mzee wa kanisa miaka thelathini, na kwa miaka thelathini kila akisimama mbele ya watu amemaliza kwa namna moja. Alikuwa amechoka, alikuwa amefurahi, na mdomo ukaenda kwenye njia yake ya kila siku.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina!"

Sijawahi kusikia Amina ya namna ile. Zilikuwa Amina za dakika arobaini zimetoka kwa pamoja. Yule mama wa khanga akaanzisha pambio, na kabla Injinia hajajua la kufanya, ukumbi wote umesimama unapiga makofi. Yeye mwenyewe akaingia na besi yake, maana angefanyaje? Madam Modesta akaingia na sauti ya pili, safi kabisa, machozi yanamtiririka. Na mimi niliimba. Niliimba kwa nguvu, nikimwona Odeta kwenye sketi yake ya shule ya Jumapili, na nilijua nitakachosema.

Watu walipokaa, Mwalimu Jonathan aliangalia karatasi yake kwa wasiwasi. "Sasa namkaribisha mtaalamu wetu wa dini, atusomee barua inayothibitisha kwamba… kwamba tulichosikia hapa si dini."

Wachache wakaguna. Nikasimama. Nikatoa barua mfukoni, nikaiacha imekunjwa.

"Kabla sijasoma, nina swali moja kwa Injinia, na namuuliza kwa heshima yote. Mzee, ukionyeshwa kitu gani utasema kwamba umekosea, Mbunifu hayupo?"

Injinia Luhende ni mtu wa kweli. Angeweza kukwepa. Alifikiri, akavaa miwani yake, akanitazama. "Hakuna," akasema. "Mwalimu, hata unionyeshe nini. Hakuna."

"Hata mimi," nikasema. "Wengi hapa mnanijua kwa jina la Baba Odeta. Injinia, wewe ulishika jembe siku tunamzika. Unajua nilichoomba siku zile na unajua nilichopata. Na Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani, benchi lile lile. Hilo si kisio. Mtoto wa maabara akikisia, akaona kinyume, anaandika nimekosea, anapewa alama na anakwenda mbele. Huo ni uhodari, nimeuona kwa macho yangu kwenye ukuta wa Madam Modesta, na ndiyo kazi ya chumba kile. Mimi nilichonacho hakiwezi kuandikwa nimekosea. Si kwa sababu ni dhaifu. Ni kwa sababu ni kitu kingine."

Kamongo aligeuka kwenye karai, maji yakamwagika kidogo.

"Nimekisoma kijitabu chote. Kurasa arobaini, Mungu hayumo. Mmemvua jina lake ili apite mlango wa maabara. Mimi nauliza, nani aliwaambia kwamba Mungu anaomba kuingia maabara? Leo mmemweka kwenye pafu la kamongo, kwa sababu hatujui lilikujaje. Kija pale nyuma anasoma kwa bidii. Akikua akalieleza pafu la kamongo, mtamhamishia wapi? Mungu wangu hakai kwenye mambo tusiyoyajua kama mpangaji anayesubiri kufukuzwa. Ni yake tunayoyajua na tusiyoyajua, na ni wake furu na mwalimu wa furu."

Nikaona Injinia ameinamisha kichwa. Sikutaka kumwaibisha. Nampenda mzee yule.

"Injinia amesema maneno makubwa leo, na mmeitikia wenyewe, sikuwatuma. Tumeimba. Hakuna aibu. Haya ni maneno ya imani, na imani haina haja ya kuazima koti jeupe la mtu ili iheshimiwe. Kwa hiyo barua hii siwezi kuisoma. Niliiandika, na ni ya uongo." Nikaichana mara mbili, nikarudisha vipande mfukoni. "Kuna mwalimu mmoja tu shuleni hapa aliyeajiriwa kufundisha jambo hili, na si Madam Modesta. Mada hii ni yangu. Naidai."

Nikakaa. Kwa sekunde kadhaa nilifikiri nimejimaliza.

Injinia Luhende alisimama taratibu. Aliweka mkono mmoja juu ya ukingo wa karai.

"Mimi niliogopa," akasema, na sauti yake haikuwa ya mwenyekiti. "Wajukuu zangu wanarudi shule wanajua kila kitu. Niliogopa watamwona Mungu ni hadithi ya babu. Nikafikiri nikimvalisha sayansi watamheshimu." Akanigeukia. "Baba Odeta, kipindi chako ni lini?"

"Ijumaa saa nane mchana, Mzee."

"Saa ya kulala?"

"Hiyo hiyo."

Kicheko kilianzia kwa wanafunzi nyuma, kikaja mpaka meza ya bodi. Injinia naye akacheka, akijifuta macho. "Nitakuja," akasema. "Na hapa hapa, mbele ya wazazi, naiomba bodi iongeze mkataba wa Madam Modesta. Afundishe baiolojia kama inavyofundishwa. Anayeunga mkono anyooshe mkono."

Mikono yote saba ya bodi ilinyooka, na wazazi ambao hawakuwa na kura nao wakanyoosha. Yule mama wa khanga akapiga vigelegele, wengine wakampokea. Madam Modesta alisimama asijue aende wapi, na wanafunzi wake wakamfuata kwenye benchi wakamkumbatia mpaka akapotea katikati yao. Mimi nilinyoosha mikono miwili. Hakuna aliyeniambia nishushe mmoja.

Jumatatu nilikwenda maabara na fomu yangu mpya. Nilikuwa nimeijaza mistari yote. Kisio langu: barua yangu itasema kweli. Nitakubali nimekosea nikiona kwamba siwezi kumsomea mke wangu akiniuliza inasemaje. Chini, kwa wino mwekundu: NIMEKOSEA. Madam Modesta aliisoma kwa makini, akaibandika kando ya ile ya Kija, akaandika ishirini kati ya ishirini. Nilikuwa nimeweka tarehe.

Jumanne saa mbili asubuhi sikupewa, nanyi msidhani dunia imegeuka kiasi hicho. Mwalimu wa hisabati alikataa kuhama. Nilibaki na Ijumaa yangu.

Ilipofika saa nane nilishika chaki nikaenda darasani, nikakuta pamejaa hadi hakuna pa kupita. Kidato cha Tatu walikuwa wamesimama madirishani. Madam Modesta alikuwa kwenye dawati la nyuma na wanafunzi wake. Injinia Luhende alikuwa dawati la mbele kabisa, magoti yamebanwa, ana daftari jipya alilolivalisha gazeti kama mtoto wa darasa la kwanza, na kalamu mbili. Bati lilikuwa linawaka vile vile. Walikuwa wamekula makande yale yale.

Nilifundisha saa nzima na hakuna aliyelala. Na dakika ya mwisho, Kija akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama Mungu hapimwi maabara, basi wewe ulimjuaje?"

Miaka kumi na saba. Miaka kumi na saba nimesimama mahali pale saa ile nikisubiri mtu mmoja aniulize swali hilo. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia, ndefu, na nikawangoja waende zao.

Hakuna aliyeinuka. Injinia alikuwa ameshaandika swali na anasubiri, kalamu juu ya karatasi. Nikafuta ubao, nikavuta kiti, nikaanza kuwajibu.